Hatua ya 14: Web server yetu ya Migori ilivyosimama mimi nikiwa matangani Mfangano

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Nimekuwa msomaji wa kimya kwa muda mrefu. Nasoma nyuzi za watu wa IT wakisimulia walivyoteswa na server zao, nacheka peke yangu mpaka watoto wananiuliza kuna nini. Leo nimeona nami nitoe yangu. Ni mambo niliyoyaona kwa macho yangu, isipokuwa sehemu moja niliyohadithiwa, na hiyo moja ndiyo iliyonifanya niandike.

Mimi ni Mkenya wa kule ziwani, kwa hiyo Kiswahili changu ni cha bara. Mkiona ngeli imeteleza, ipisheni ipite.

Na nitajisifu kidogo. Nimewaambia mapema ili mtu asije akanuna.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, baada ya zile mvua kubwa zilizotuharibia barabara. Nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka Nairobi na diploma yangu ya kompyuta ndani ya bahasha ya khaki. Wasichana wenye karatasi ya namna hiyo kule kwetu walikuwa wa kuhesabika, na nilihakikisha kila mtu anajua.

Nikapata kazi kwenye mradi mmoja wa mafunzo kwa wakulima na wavuvi. Mradi ulikuwa na ofisi mbili. Kubwa ilikuwa Homa Bay, ndogo ilikuwa Migori, pale Suna.

Kila ofisi ilikuwa imepewa kompyuta moja yenye nguvu, pamoja na mbili kuukuu za kusomea. Wazo lilikuwa hivi: ile yenye nguvu iwekwe web server, kurasa za mafunzo zikae humo, halafu mkulima au mvuvi aingie ofisini, akae kwenye ile kuukuu, afungue browser na asome. Ugonjwa wa ng'ombe, kuhifadhi samaki, mihogo, kila kitu.

Najua kuna mtu ameshaanza kuandika hapo chini, "mbona hamkutumia internet tu?"

Mkuu, internet gani? Kuipata ilibidi upige simu ya mbali mpaka Nairobi, na laini yenyewe mvua ikinyesha inakufa. Network yetu kati ya Homa Bay na Migori ilikuwa bahasha ya diskette anayopewa kondakta wa basi. Inapita Rodi Kopany, inapita Rongo, inafika Migori jioni. Hiyo ndiyo ilikuwa bandwidth yetu.

Kandarasi yangu ilikuwa ya miezi mitatu. Kazi ilikuwa moja tu, kuweka web server kwenye ofisi zote mbili kabla wageni wafadhili hawajaja kukagua. Barua yao ilisema wazi kwamba wakikuta ofisi yoyote haijaanza kutumia mashine, mashine zote zitahamishiwa Nairobi "ambako kuna watu wa kuziendesha."

Nilisoma hiyo sentensi mara nyingi sana. Ilinichoma. Yaani sisi si watu?

Basi siku ya kwanza nilikwenda moja kwa moja kwenye mashine ya Homa Bay na CD ya Linux, ile programu ya kuendeshea server, mkononi. Mkubwa wetu akanisimamisha mlangoni.

Huyu tulimwita Mwalimu, kwa sababu alikuwa hedimasta mstaafu. Kalamu nyekundu ilikuwa bado mfukoni mwa shati, kama vile angeweza kuitwa tena darasani saa yoyote. Na alikuwa na sheria yake moja, kwamba kazini ni Kiswahili. Kule kwetu Wajaluo tukikutana wawili tunaanza Dholuo bila kujua, na wa kabila lingine anabaki anatuangalia midomo. Mwalimu hakutaka mtu wa kuachwa nje.

"Akinyi, hiyo CD unaipeleka wapi?"

"Naenda kuweka server, Mwalimu."

"Umeandika utaiweka namna gani?"

"Iko kichwani, Mwalimu."

Akanyoosha mkono, akachukua CD, akaifungia kwenye droo. "Hata boma linapimwa kwanza kabla mtu hajakata mti. Niletee kwa karatasi."

Nilikasirika, wacha niseme ukweli. Nikarudi nyumbani nikaandika kurasa kumi na moja za foolscap kwa Kiingereza kizito, kile cha kutisha wageni. Nikampelekea kesho yake kama mtu anayepeleka ng'ombe wa mahari.

Zikarudi nyekundu tupu.

"Umeme ukipotea katikati?" "Ufunguo wa chumba unakaa na nani?" "Wale wadudu wa ziwani wakiingia kwenye feni?" Hii ya wadudu nilimcheka moyoni, lakini alikuwa sahihi. Wadudu wa ziwa letu wakija wanakuja kama moshi, na feni ya kompyuta inawavuta wote. Tulishona kifuniko cha kitambaa cha neti.

Chini kabisa ya ukurasa wa mwisho aliandika swali moja. "Hii umemwandikia nani?"

Nikamjibu, wageni.

"Wageni watakaa siku mbili," akasema. "Mama Chacha atakaa hapo baada yako na baada yangu. Mwandikie Mama Chacha."

Mama Chacha alikuwa karani wa ofisi ya Migori. Mkuria kutoka upande wa Kehancha, mama wa makamo, mtulivu, haharakishwi na mtu. Silaha yake ilikuwa typewriter, ndiyo peke yake iliyokuwa nzima katika ofisi zetu mbili. Barua zote za mradi, hata za Homa Bay, zilipelekwa Migori akazipiga. Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa hiyo mashine. Kompyuta alikuwa hajawahi kuiwasha hata siku moja.

Yeye hakusoma Kiingereza cha kitaalamu, na Dholuo yake ilikuwa ya kununua nyanya. Lugha yetu mimi na yeye ilikuwa Kiswahili.

Kwa hiyo wakuu, nikakaa chini nikaandika mpango wa kuweka web server kwa Kiswahili. Miaka hiyo! Sidhani kama kulikuwa na mwingine Nyanza nzima, na kama yupo ajitokeze tuheshimiane.

Sikutumia neno tarakilishi hata mara moja. Mama Chacha angedhani ni ugonjwa wa ng'ombe.

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba nilikuwa sijui kazi yangu. Kichwani nilikuwa na "install, configure, test." Nikijaribu kumwambia mama wa typewriter afanye nini kwa mkono wake, kila neno linazaa maswali kumi. Mashine itakaa ukuta gani, mbali na dirisha linalovuja? Itaitwa nani? Namba yake kwenye network ni ipi, na zile kuukuu mbili zina namba gani? Kurasa zitakaa folda gani? Nani anaruhusiwa kuzibadilisha na nani ni msomaji tu? Password ya mkubwa wa mashine itaandikwa wapi? Browser ikikataa, unaanza kuangalia waya au unaanza kuangalia programu?

Nilifuta, nikaandika, nikafuta. Mwishowe zikawa hatua ishirini na mbili. Kila hatua na kile utakachokiona kwenye skrini, na kile cha kufanya ukiona kitu kingine.

Isipokuwa hatua moja.

Hatua ya 14 niliandika hivi: "Hapa simama. Mwite Akinyi."

Ngoja nieleze ni nini kilikuwa pale.

Mashine ya Migori ilikuwa na disk moja iliyogawanywa vipande viwili. Kipande cha kwanza kilikuwa na kurasa zote za mifugo, kazi ya karibu miaka miwili ya afisa mmoja wa mifugo aliyekuwa ameshahamishwa kwenda mbali. Kipande cha pili kilikuwa kitupu. Kwenye hatua ya 14, programu inakuuliza Linux ikae wapi. Ukichagua cha pili, umepona. Ukichagua cha kwanza, umefuta kila kitu.

Ndiyo, najua, mtaniuliza backup iko wapi. Diskette zetu zote zingejaa kabla hatujafika robo, na nyingine zilikuwa zimeota ukungu. Nakala kamili ilikuwa hapo tu.

Kwa hiyo ilikuwa hatua ya hatari, na nilijipa sababu hiyo. Lakini nimeahidi ukweli. Sababu yenyewe ni kwamba niliogopa. Kandarasi ni ya miezi mitatu. Nikiandika kila kitu mpaka mwisho, kwa Kiswahili, mtu yeyote anaweza, basi mimi ni wa nini? Nilitaka pabaki mahali pamoja ambapo lazima waseme jina langu.

Mwalimu alipiga mstari mwekundu chini ya hatua ya 14 na kuandika pembeni, "Na Akinyi akifiwa?"

Watu wa kwetu mnajua swali hilo si la kinyonge. Msiba kwetu si wa nusu siku. Mtu akifiwa amepotea wiki nzima, na hakuna mkubwa wa kazi anayethubutu kumuuliza.

Nikamwambia Mwalimu, "Mungu atatuepusha." Akaniangalia kidogo, akaipeleka karatasi Migori ikapigwe taipu hivyo hivyo.

Ila maelezo ya hatua ya 14 nilikuwa nayo. Niliyaandika kwenye karatasi yangu binafsi, nikaikunja, ikakaa ndani ya pochi. Na kwa kuwa ilikuwa yangu peke yangu, niliiandika kwa Dholuo. Nikiwa na hofu nafikiri kwa lugha ya mama.

Tulianza na Homa Bay. Siku mbili, hatua kwa hatua, Mwalimu ameketi kando anatia tiki. Siku ya pili mchana nilikaa kwenye ile kuukuu, nikaandika namba ya server kwenye browser, nikabonyeza.

Ukurasa ukafunguka.

Maandishi meusi, kichwa cha buluu, picha moja ya samaki iliyochukua karibu dakika nzima kushuka. Wakuu, sijawahi kuona kitu kizuri kama hicho. Nililia. Mwalimu alijifanya anatafuta kalamu.

Msomaji wetu wa kwanza alikuwa mvuvi mmoja aliyepita kuuliza mambo mengine kabisa. Tukamketisha. Akasoma ukurasa wa kuanika omena, dagaa wetu wa ziwani, kutoka juu mpaka chini, akavua miwani, akasema, "Huyu aliyeandika hajawahi kuanika omena." Akatusahihisha mambo matatu. Nikayabadilisha hapo hapo akiangalia. Akarudi kesho yake na wenzake wanne kuwaonyesha ukurasa "wake."

Ikabaki Migori. Nilipanga kwenda Jumatatu. Wageni walikuwa wafike Homa Bay Jumatano, na Migori Alhamisi.

Jumapili asubuhi ujumbe ukanifikia kwamba nyanya yangu amefariki huko Mfangano.

Huyu ndiye aliyenilea, wakuu. Mama yangu alipokuwa akihangaika na maisha bara, mimi nilikuwa kisiwani nikilala nyuma ya mgongo wa nyanya. Hapakuwa na swali la kwenda au kutokwenda.

Nilimpitia Mwalimu nyumbani kwake. Alinishika mkono muda mrefu. Hakusema "nilikwambia." Alisema tu, "Nenda ukamzike mama yetu. Mama Chacha ataanza kesho na yale maandishi."

"Mwalimu, ile hatua ya..."

"Najua."

Hakuniomba kitu. Angeniomba ingekuwa rahisi zaidi. Nilitoka mpaka stendi nikiwa na ile pochi, na naapa kwa muda wa kama robo saa niliwaza kuondoka nayo. Niliwaza hivi: wakishindwa, watanisubiri. Wageni wataambiwa kwamba Akinyi amefiwa. Watarudi mwezi mwingine, nami nitaongezewa muda.

Halafu nikamkumbuka yule mvuvi na ukurasa wake. Nikaona zile kompyuta zikipakiwa kwenye gari kwenda Nairobi. Nikaona ng'ombe wa watu wa Migori wakifa na dawa yao imeandikwa ndani ya disk.

Nikanunua bahasha, nikatia ile karatasi, nikaandika jina la Mama Chacha, nikampa kondakta tuliyezoea kumpa diskette. Basi likaondoka. Nikajiona mwepesi, nikapanda gari la Mbita.

Kutoka Mbita, boti yetu ilinasa kwenye gugu maji. Vijana wa leo hamjui lile gugu lilivyokuwa miaka ile. Lilifunika ziwa ukadhani ni shamba. Tulikaa pale, injini imezimwa, mtu anakata majani kwa panga mbele ya boti.

Ni hapo, nimekaa sina la kufanya, ndipo niliposhtuka.

Ile karatasi iko kwa Dholuo.

Nilisimama ndani ya boti mpaka nikapigiwa kelele nikae. Katika haraka na msiba, niliikunjua? Sikuikunjua. Niliitia kwenye bahasha kama ilivyokuwa. Nimempelekea mama wa Kikuria maandishi ya Kijaluo, kuhusu kitu ambacho akikosea neno moja anafuta kazi ya miaka miwili. Kisiwani hakuna simu. Simu ya ofisi ya Migori ilikuwa imekufa tangu mvua. Nilikaa. Nikalia, na wenzangu kwenye boti wakanifariji wakidhani ni kwa ajili ya nyanya peke yake.

Tulimzika Jumatano. Kwetu desturi ya kunyolewa baada ya mazishi ilikuwa bado inashikwa, na mjukuu aliyelelewa na marehemu haondoki kabla yake. Alhamisi, siku ya wageni Migori, mimi niko kisiwani naosha sufuria za waombolezaji na macho yako ng'ambo. Ijumaa na Jumamosi zikapita vivyo hivyo. Nilizaliwa mtu wa kutaka kujua mambo haraka, kwa hiyo hesabuni wenyewe nilivyoumia.

Jumatatu nilivuka. Sikusimama Homa Bay. Nilifika Suna mchana, kichwa kimenyolewa, nimefunga leso, nikasukuma mlango wa ofisi.

Kwenye ile kompyuta kuukuu walikuwa wameketi wanaume wawili, fimbo zao zimeegeshwa ukutani. Mmoja anasoma kwa sauti, pole pole, habari za ndigana, ule ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na kupe. Mwingine anamwambia arudi juu, hajaelewa.

Nikachungulia skrini juu ya mabega yao.

Mama Chacha akainuka. Kwanza alinipa pole ya msiba kwa utaratibu wake wote, akaniuliza nyanya alizikwa vipi na kama watu walikula vizuri. Kisha akanikalisha akanisimulia. Hii ndiyo ile sehemu sikuiona, naileta kama alivyoniambia.

Alianza Jumatatu asubuhi, baada ya kuletewa CD na ujumbe wa Mwalimu kwa gari lililotoka Homa Bay alfajiri. Hatua ya 1 mpaka ya 8 zilienda sawa. Hatua ya 9 mashine ikazima na kuwaka. Akaanza upya. Hatua ya 9 tena, ikazima. Betri ya UPS, kile kisanduku cha kushikilia umeme, ilikuwa imechoka na mimi sikuipima. Akakaa akasikiliza: kila welding ikinguruma ng'ambo ya barabara, mashine inazima. Akatoka nje, akavuka barabara mpaka kwa fundi wa welding.

"Nikamwambia, wewe ukigusa chuma, mashine yangu inakufa. Nikamwambia apumzike mpaka nimalize. Akasema ako na geti ya mtu. Nikamwambia hata mimi niko na ng'ombe ya watu."

Fundi akapumzika.

Jioni kondakta akaleta bahasha yangu, kwa kuwa Jumapili alikuta ofisi imefungwa. Jumanne asubuhi akafika hatua ya 14, akaifungua, akaona maandishi asiyoyajua.

"Hiyo karatasi yako ilinishinda," akaniambia. "Mimi Kijaluo yangu ni ya sokoni. Nikaona neno 'kik', nikajua hapa kuna kukatazwa. Lakini kukatazwa nini? Sikugusa kitu. Nikaweka kitambaa kwa keyboard, nikaenda kuita Min Otieno."

Min Otieno, yaani mama yake Otieno, Mjaluo mwenzangu, ndiye aliyekuwa akituuzia chai pale nje. Kompyuta hakuwahi kuisogelea. Akapangusa mikono, akaketi, akashika karatasi yangu na kuisoma kwa Kiswahili neno kwa neno, Mama Chacha kidole kikiwa hewani.

"Anasema, mokwongo kik imul. Ya kwanza usiguse."

"Ya kwanza ya wapi?"

"Sijui. Anasema kuna mbili, moja juu moja chini. Ya juu usiguse. Shuka kwa ya chini."

"Nimeshuka."

"Anasema sasa angalia tena kama umeshuka."

"Nimeangalia."

"Anasema, kik irikni. Usiharakishe." Min Otieno akageuza karatasi. "Hapa ameandika, omba Mungu."

Wakaomba. Kweli kabisa. Wawili wao, mmoja wa kanisa hili na mwingine wa lile, wakasimama mbele ya skrini wakaomba, kisha Mama Chacha akabonyeza.

Jumanne saa tisa alasiri ukurasa wa ng'ombe ulifunguka. Hakuna hata herufi moja iliyopotea.

Alhamisi wageni walikuja na Mwalimu. Wakasoma, wakabonyeza huku na huku. Wakauliza ni fundi gani wa Nairobi aliyeweka. Mama Chacha akawapa yale maandishi ya taipu, yenye tiki zake na saa aliyomaliza kila hatua. Juu kabisa, kabla ya hatua ya 1, alikuwa ameongeza mstari kwa mkono wake: "Hatua ya 0. Mwambie fundi wa welding apumzike."

Mgeni mmoja alijua Kiswahili. Alisoma maandishi yote amesimama. Mashine zikabaki. Na siku ile niliyorudi, Mama Chacha alikuwa na barua yangu kutoka kwa Mwalimu: mradi ulikuwa na ofisi nyingine tatu zenye kompyuta zilizofunikwa kwa plastiki, na walitaka mtu wa kwenda kuwaandikia maandishi kama hayo. Ile miezi mitatu yangu ikawa miaka mitatu.

Nilipoisoma nilishindwa kukaa na uongo. Nikamwambia Mama Chacha kwamba hatua ya 14 sikuisahau. Niliificha. Nilikuwa naogopa kuachishwa kazi.

Alicheka mpaka akashika ubavu.

"Wewe unafikiria sikujua? Mimi ndio nilipiga hiyo taipu. Nilifika hapo kwa 'mwite Akinyi', nikasema huyu msichana ni mimi kabisa."

"Wewe namna gani, Mama Chacha?"

Akasogeza kiti karibu, akateremsha sauti, na wale wasomaji wa ndigana walikuwa hawatusikilizi hata kidogo.

"Miaka tisa niko hapa. Umeona mtu mwingine anajua kubadilisha ribbon ya hii typewriter? Mimi nangoja watoke chakula cha mchana, ndio nabadilisha."

Kisha akafunga mlango wa ndani, akaondoa kifuniko cha typewriter, akanivuta mkono. "Kuja. Hatua ya 14 yangu ndio hii."

Akanifundisha kubadilisha ribbon, ule utepe wa wino. Mara ya kwanza nilijipaka wino mpaka kwenye leso. Akaitoa, akaniambia nirudie mwenyewe, yeye ameweka mikono nyuma.

Wakuu, nimeweka server nyingi tangu siku hiyo, kubwa kuliko ile mara elfu. Ninayojivunia kuliko zote ni hiyo moja ya Suna, ambayo sikuigusa.

Nilichojifunza ni kifupi. Kama mpango wako una jina lako katikati, huo si mpango, ni barua ya kuomba kazi. Andika ili mtu asiyekujua aweze kumaliza. Andika kwa lugha ambayo nyote wawili mko ndani. Kisha mpe, na ukubali aongeze hatua ambayo hukuifikiria, kwa sababu jirani wa welding ni wake, si wako.

Haya, nimemaliza kujisifu. Wale wa enzi za diskette na kondakta, njooni mseme mlikuwa mnahangaika wapi. Na ninyi mlio makazini leo, kabla ya kunipiga mawe kuhusu backup, nijibuni hili kwanza: ni kitu gani pale ofisini kwenu mnakifanya wenzenu wakiwa wametoka chakula cha mchana?